VITABU VYA PICHA: MBONA MHAMAJI WETU HAYUMO?

Mhariri amenipa kurasa chache katika jarida letu la mwaka huu, nami sitazimaliza kwa salamu. Jambo nililo nalo ni vitabu vya picha, vile vya watoto wadogo ambavyo kila ukurasa una mchoro mkubwa na sentensi mbili tatu chini yake. Najua kuna watakaocheka. "Mtu wa kidato cha tatu, mwaka kesho ana mtihani wa taifa, bado anasoma vitabu vya chekechea!" Chekeni tu, lakini someni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Sizungumzii vitabu vyote vya picha. Nazungumzia vile vinavyosimulia habari za watoto waliohama makwao wakaenda kuishi nchi nyingine. Huko Marekani na Uingereza vimeandikwa vingi mno. Vichache nimevisoma mwenyewe, kwa kuwa shule moja ya msingi ya huku kwetu ilipata masanduku ya vitabu vya msaada na mwalimu mmoja huniruhusu kuviazima wakati wa likizo. Vingine tulionyeshwa hapa shuleni kwenye kompyuta. Msimamo wangu ni huu: vitabu hivyo ni vizuri na vina faida, lakini vinasimulia nusu ya safari tu. Nusu ya pili iko hapa hapa Karurumo, na anayeumia kwa kukosa kuisoma ni mtoto mdogo.

Hebu kwanza turudi kwenye sarufi kidogo, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili. Kitenzi ni hama. Mtu anayehama ni mhamaji. Ukikitia kitenzi hicho katika kauli ya kutendea unapata hamia, na anayehamia mahali huitwa mhamiaji. Halafu kuna hamishwa, na huyo hakuulizwa, aliondolewa tu. Kati ya mhamaji na mhamiaji tofauti ni irabu moja, lakini irabu hiyo ina mambo! Mtu ni yule yule. Wenyeji wa kule anakofika wakimwona mlangoni na mzigo wake humwita mhamiaji. Sisi wa huku alikotoka, tuliobaki tukitazama mgongo wake ukipotea kwenye kona ya barabara, kwetu ni mhamaji. Sasa, vitabu hivi ninavyovisema karibu vyote vimeandikwa na watu waliosimama kule mlangoni. Wamemwona mtu akija. Hawakumwona akiondoka.

Nisije nikaonekana navitukana vitabu vya watu, nitaeleza uzuri wake kwanza.

Kiko kiitwacho My Name Is Sangoel, kilichotoka mwaka wa 2009. Waandishi ni Karen Lynn Williams na Khadra Mohammed, na michoro ni ya Catherine Stock. Sangoel ni mvulana Mdinka kutoka Sudan ambaye baba yake alikufa vitani. Anatolewa kambini na kupelekwa Marekani pamoja na mama yake na dada yake mdogo. Kule hakuna awezaye kulitamka jina lake. Watu wazima wanalikosea, watoto wanalikosea. Basi Sangoel anachukua fulana anachora jua, na kando yake anachora goli la kandanda. Neno la Kiingereza la jua na lile la goli ukiyatamka kwa pamoja unapata sauti ya jina lake. Darasa zima likaelewa, na wenzake nao wakaanza kuchora majina yao.

Niliposoma kitabu hicho nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mwaka jana alitujia mwenzetu mmoja kutoka kaskazini. Familia yake ilipoteza mifugo katika ule ukame wa 2020 hadi 2022, ndipo baba akateremka kutafuta kazi pande hizi. Ni Mkenya kama wewe na mimi. Lakini wako wanafunzi waliompachika jina la "mkimbizi", na wakishamwita hivyo wanacheka kana kwamba ukimbizi ni upele. Hadi leo wako wasiolijua jina alilopewa na wazazi wake. Sangoel alipata fulana na darasa la watoto waliokuwa tayari kusoma. Huyu wetu amepata nini? Wanaomcheka wangesomewa kitabu kama hicho wakiwa na miaka saba, naamini neno hilo lingekuwa zito midomoni mwao.

Kitabu kingine ni The Color of Home cha Mary Hoffman, kilichochorwa na Karin Littlewood na kutolewa mwaka wa 2002. Jina lake ni kama kusema rangi ya nyumbani. Kinamhusu Hassan, mtoto Msomali aliyefika nchi ya baridi akiwa hajui lugha ya huko. Mwalimu anampa rangi na karatasi. Hassan anachora nyumba yao ikiwa inapendeza, kisha anaichafua picha ile ile kwa moto na mtu mwenye bunduki. Ndipo mwalimu anaelewa, anatafuta mtu wa kutafsiri, na mtoto anapata kusema yaliyompata. Fundisho ninaloliona hapo ni kwamba mtoto husema kwa picha kabla hajasema kwa maneno. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Cha tatu hakina maneno hata moja. Kinaitwa The Arrival, alikitoa Shaun Tan wa Australia mwaka wa 2006, na baba yake huyo msanii mwenyewe alihamia Australia kutoka Malaysia. Mwanamume anafunga sanduku, anamwacha mke wake na binti yake mdogo, anavuka bahari. Nchi anayofika ina wanyama wa ajabu na maandishi ambayo hata wewe msomaji huwezi kuyasoma. Hapo ndipo pana ufundi wake: unapotea pamoja naye. Mwishoni anawaita mkewe na bintiye, na katika picha ya mwisho yule binti ndiye anamwelekeza njia mgeni mwingine aliyefika juzi tu.

Sasa basi, vimekosa nini?

Navirudia kimoja kimoja. Sangoel anatoka kambini kurasa za mwanzo tu, halafu hadithi nzima ni Marekani. Kwa Hassan, Somalia ni picha aliyoichora darasani. Katika kitabu cha Shaun Tan yule mke na mtoto wanaonekana mwanzo, kisha tunamfuata baba melini. Hao wawili walikula nini miezi hiyo yote? Binti alikuwa akiuliza nini usiku? Msanii hakuchora. Simlaumu, kwa maana alikuwa anasimulia habari za anayefika. Ila nami nina haki ya kuuliza habari za aliyebaki.

Kuna kitabu kimoja kilichokaa huku kwetu kwa muda mrefu zaidi, nacho ni When Stars Are Scattered, cha mwaka wa 2020. Hicho ni kirefu, kimepangwa kwa vibonzo. Ni maisha ya kweli ya Omar Mohamed, aliyekimbia vita vya Somalia akiwa mdogo na kulelewa katika kambi ya Dadaab pamoja na ndugu yake Hassan. Alisimulia, na Victoria Jamieson akachora. Foleni za maji, shule ya kambini, miaka ya kungoja jina lako lisomwe kwenye orodha, yote yamo. Lakini tazameni ajabu hii. Dadaab iko Kenya, katika kaunti ya Garissa. Kambi hizo zilifunguliwa mwaka wa 1991, na ile ya Kakuma kule Turkana mwaka wa 1992. Mito yetu ya Ena na Thuci inamwaga maji yake Tana, na maji hayo hayo yanapita Garissa mjini. Kutoka hapa hadi Dadaab ni safari ya siku moja. Na bado ilibidi Omar afike Marekani ndipo hadithi ya jirani yetu iwe kitabu, kwa Kiingereza, nasi tunakiona kwenye kioo cha kompyuta. Kisima kiko uani kwetu, maji tunayanunua dukani!

Kuna atakayesema, "Wewe, Waembu na Wameru si wahamiaji. Sisi ni wenyeji wa mlima huu. Mambo ya kuhama ni ya Wasomali na Wasudan." Huyo namwomba aende akaketi na wazee. Wameru wana masimulizi ya Mbwaa, nchi iliyokuwa kando ya bahari, ambako mababu walitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Wakatoroka usiku, wakafika penye maji mengi, maji yakagawanyika wakapita. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakaitwa Njeru, weupe. Hebu fikiri picha tatu za kuvuka huko, moja ya usiku, moja ya mapambazuko, moja ya mchana! Ni kitabu cha picha kilichokwisha jiandika chenyewe, kinachongoja mtu mwenye penseli za rangi. Hakuna mtoto wa ukoo huo ambaye angedharau mkimbizi akijua kwamba jina la ukoo wake ni saa ya kukimbia.

Na si mambo ya kale tu. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952, watu wa Embu pamoja na Wakikuyu na Wameru waliondolewa mashambani mwao wakakusanywa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Mama yake nyanya yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anachokumbuka zaidi ya yote ni kwamba kuku wao hawakuzoea nyumba mpya, kila asubuhi walitaka kurudi kwenye boma la zamani. Huko ni kuhamishwa. Miaka ya 1980 kuna watu wa Mbeere waliohamishwa kupisha maji ya bwawa la Kiambere. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mamia ya maelfu ya Wakenya walifukuzwa makwao na Wakenya wenzao. Kwa hiyo hama, hamia na hamishwa, vyote tumevinyambua kwa miguu yetu.

Lakini la karibu zaidi bado sijalisema, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku hizi anayehama Karurumo mara nyingi ni mama. Huuza mbuzi au hukopa katika chama, hushughulikia pasipoti, huenda Nairobi, halafu ndege humchukua hadi Saudi Arabia, Qatar au nchi nyingine ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Anaenda kulea watoto wa wenyewe ili wake walipiwe karo. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, hizo ni hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Magazeti huandika habari za fedha hizo, na huandika pia habari za mateso ambayo baadhi yao hupata. Yote mawili ni kweli. Ila mtoto wa miaka saba hasomi gazeti.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Aliondoka mwaka wa 2023 akamwacha mwanawe wa miaka mitano kwa nyanya, nyumba ya pili kutoka kwetu. Miaka miwili ya mkataba ilipokwisha, mkataba ukaongezwa. Mtoto sasa yuko gredi ya pili. Siku moja mwalimu wao aliwaambia wachore watu wa nyumbani. Alichora nyanya, akachora mbuzi wawili, akanichora mimi na kichwa kikubwa, na pembeni akachora simu. Nikamwuliza, "Na mama je?" Akanitazama kama mtu anayeuliza swali la upuzi. "Si huyu," akasema, akiweka kidole kwenye simu.

Mimi ndiye humsomea jioni. Nilimsomea habari za Sangoel, nikitafsiri kwa Kiswahili na pale inaposhindikana kwa Kiembu. Alipenda ile fulana, akataka kuchora yake. Nikamsomea na vingine. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Dada, mbona hawa wote walienda na mama yao?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo makala hii. Katika vitabu vile mama na mtoto hushikana mikono wakashuka ndegeni pamoja. Mtoto wa Karurumo akivitazama anajifunza kwamba mama anayempenda mtoto humchukua. Basi yeye ambaye hakuchukuliwa afikirie nini? Kitabu kilichoandikwa kwa wema kabisa, kwa ajili ya mtoto wa Marekani, kikifika hapa kinaweza kumchoma mtoto wa huku bila mwandishi kujua. Si kosa la mwandishi. Hakumwona huyu wetu, basi.

Mmoja aliyekaribia ni Edwidge Danticat, mwandishi aliyezaliwa Haiti. Kitabu chake Mama's Nightingale, kilichochorwa na Leslie Staub na kutoka mwaka wa 2015, kinamhusu msichana ambaye mama yake amezuiliwa kwa kukosa karatasi za kuishi Marekani. Mama anamrekodia hadithi kwenye kaseti, na mtoto anazisikiliza kabla ya kulala. Nilipoelezwa habari za kitabu hicho niliwaza mara moja ujumbe wa sauti wa WhatsApp anaotuma mama mdogo siku ya Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Tofauti ni kwamba katika kitabu mama anarudi nyumbani kabla ya ukurasa wa mwisho. Wetu ameongeza mkataba.

Sasa nijibu wanaonipinga, kwa maana nimekwisha kulizungumza jambo hili chamani na nimesikia mengi.

Wa kwanza wanasema vitabu vya picha ni anasa, mtoto asome vitabu vya kiada afaulu. Nawajibu kwamba mtoto wa darasa la chini husoma kwa macho kabla ya kusoma kwa herufi, na hata katika kitabu cha kiada anatazama picha kwanza. Na picha ya familia anayoikuta humo ni ile ile: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wamekaa. Sisemi ifutwe. Nasema pawe na nyingine kando yake.

Wa pili wanasema mambo ya huzuni yasiambiwe watoto. Hawa nawaheshimu, maana miongoni mwao yumo nyanya yangu. Yeye mtoto akiuliza humwambia, "Mama anakuja kesho." Kesho hiyo sasa imezidi miaka miwili. Anasema hivyo kwa mapenzi, nami najua. Lakini mtoto tayari anayo huzuni, hatukumpa sisi wala kitabu hakitampa. Anachokosa ni maneno yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hassan alipopewa rangi hakuongezewa vita, alipata mahali pa kuvitua.

Wa tatu wanasema kitabu cha namna hiyo kitawaaibisha kina mama waliosafiri. Tena wako wanaonong'ona sokoni kwamba mama kama huyo "ametupa mtoto". Hapo nakataa kabisa, na nakataa kwa maandishi ili isomwe. Kahawa ikilipa vibaya, baba hayupo, karo inadaiwa, mama akae amtazame mtoto akifukuzwa shule kila muhula? Mtu aliyetupa kitu hakipigii simu kila Ijumaa. Kitabu chetu kikiandikwa vizuri kitamwonyesha mama akiondoka: akipanga nguo, akimpima mtoto kimo ukutani kwa mkaa, akimwelekeza nyanya dawa ya kikohozi iko wapi. Mtoto ataona kwamba kuondoka kulikuwa kazi ngumu. Hivyo ndivyo mama atakavyotetewa. Kunyamaza hakumtetei, kunawaachia nafasi wanaonong'ona.

Wa nne ndio wenye hoja ya maana zaidi. Wanauliza fedha zitatoka wapi, maana kitabu cha rangi ni ghali kuchapa na nani atakinunua? Ni kweli. Lakini nani amesema tuanze na mchapishaji? Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32. Chetu kiwe na 16. Karatasi nne za kawaida ukizikunja katikati na kuzipiga pini kwenye mkunjo, umepata kurasa 16. Wachoraji tunao, tena hodari, ushahidi ni madawati na milango ya bwenini kwa jirani zetu. (Sisi wa kutwa tunachora madawati tu.) Na kitabu kikiwa tayari kuna mahali pa kukipeleka bure. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka wa 2014 kutoka Afrika Kusini ukijaribiwa pia hapa Kenya, huweka hadithi za watoto kwenye intaneti katika lugha nyingi za Afrika. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitafsiri na kuongeza yake. Mwalimu mwenye simu moja anaweza kumsomea darasa zima.

Kwa hiyo naomba Chama chetu kifanye jambo moja. Likizo ya Agosti tuandike kitabu kimoja cha picha kwa Kiswahili, kuhusu mtoto aliyebaki. Na kama nguvu zitatosha, cha pili kiwe cha mtoto aliyefika, kama yule mwenzetu wa kaskazini. Nina masharti matatu, ambayo naomba tuyajadili.

Sharti la kwanza, mtoto wa kitabuni awe na jina lake, na jina hilo litajwe vizuri tangu ukurasa wa kwanza. Asiwe "mkimbizi", asiwe "maskini yule". Hilo tumelipata kwa Sangoel.

Sharti la pili, tuuone upande wa huku. Pawe na kahawa, muguka, kilima cha Kirimiri kwa mbali, bodaboda iliyombeba mama alfajiri na sanduku mapajani. Nyanya awe mtu, si pambo. Maana katika safari hizi zote nyanya ndiye anayefanya kazi bila mshahara na bila mkataba, na hakuna anayemwandika. Mtoto akikitazama kitabu aseme, "Hapa napajua."

Sharti la tatu ndilo gumu, nalo ni kwamba mwisho wa kitabu usidanganye. Nasikia tayari kuna wanaotaka ukurasa wa mwisho uwe uwanja wa ndege, mama amerudi, wote wanakumbatiana. Ni picha tamu. Lakini mtoto atafunga kitabu, atatazama mlangoni, na mlango utakuwa mtupu. Tutakuwa tumemwambia "kesho" nyingine, safari hii kwa rangi. Mimi naona mwisho uwe wa siku ya kawaida: mtoto amefika shule, amesoma, amecheza, amesikiliza sauti ya mama, amemjibu kwa hadithi yake mwenyewe, amelala karibu na nyanya. Mama bado yuko mbali na bado ni mama. Ni furaha ndogo, lakini mtoto anaweza kuamka nayo asubuhi.

Walimu wetu wapendwa, kwenu nina ombi dogo. Mtupe saa moja ya Ijumaa, mara moja kwa mwezi, tuende shule za msingi za hapa kusomea watoto. Tukifika tuwaombe nao wachore, na tusiwasahihishe. Huenda tukaona simu nyingi pembeni mwa karatasi. Hapo tutajua kitabu cha pili, cha tatu na cha nne kiandikwe juu ya nini.

Wanachama wenzangu, sisi wa 8-4-4 tunaondoka, na wanaotufuata wana masomo mapya na mtaala mpya. Shuleni hapa tutaacha vikombe vya mashairi na majina yetu kwenye madawati. Mimi ningependa tuache na kitabu kimoja chembamba, kimepigwa pini, ambacho mtoto wa gredi ya pili anaweza kukishika na kujiona humo. Wale wa mlangoni kule wameandika habari za anayefika, nao wameandika vizuri. Habari za anayeondoka hazina mwandishi mwingine ila sisi tuliobaki tukimtazama. Shime basi, tuchukue penseli. Mwenye kuchora ajiandikishe kwa katibu kabla ya kufunga shule.